Ivan Pavlov: kile mwili umejifunza kinazimika, lakini hakifutike

Mwanafunzi wa pedagoji hapa Lubumbashi anakutana na jina la Ivan Pavlov mu miaka ya kwanza ya masomo. Anaandika mu kaye yake kama Murusi moja alipiga kengele, mbwa akatoa mate, na somo linaishia pale.

Ile hadisi ni ya kweli kwa sehemu, lakini ni fupi sana. Kengele ilikuwa paka alama moja kati ya mingi. Mara mingi Pavlov alitumia metronomu, kile chombo chenye kupiga tik-tak, ao taa, ao kugusa mbwa ku ngozi. Na hakusimama ku ile siku mbwa alijifunza. Alitumia miaka mingi kutafuta nini inafanyika wakati alama inatolewa na chakula hakifuate tena. Lile jibu lenye mwili ulijifunza linaenda wapi?

Kile alipata kinagusa watu wengi wa majimbo ya mashariki. Mutu anakimbia masasi kule Kivu, Ituri ao Tanganyika. Anafika pahali pa salama, anaanza kulala muzuri, miezi inapita. Kisha siku moja mupira wa motokari unapasuka mu barabara, na yeye anajikuta chini ya meza, moyo unapiga sawa siku ya kwanza. Majirani wanacheka. Wengine wanasema ni wazimu, wengine wanasema ni uchawi. Maisha ya Pavlov yanaonyesha kama hakuna moja ya ile.

Mutoto wa padri

Ivan Petrovich Pavlov alizaliwa tarehe 26 Septemba 1849 mu muji wa Ryazan, kusini-mashariki ya Moscow. Baba yake alikuwa padri wa kanisa la Orthodox, kwenye mutu mwenye ameoa anaruhusiwa kuwa padri wa parokia. Ivan alikuwa mutoto wa kwanza wa familia kubwa, na alizoea kulima bustani pamoja na baba yake. Wakati alikuwa mudogo alianguka kutoka juu na kuumia vibaya sana. Juu ya ile, alianza masomo kwa kuchelewa, akiwa na miaka 11.

Kila mutu alifikiri atakuwa padri sawa baba yake, na kweli aliingia seminari ya Ryazan. Lakini mu ile miaka vitabu vya sayansi vilikuwa vinapita kutoka mukono hadi mukono kati ya vijana wa Urusi. Kimoja kilikuwa cha munganga Ivan Sechenov, chenye kilitoka mu mwaka wa 1863. Sechenov alieleza kama hata mawazo ya mutu yana musingi mu kazi ya ubongo na mishipa. Kwa mwanafunzi wa seminari, lile lilikuwa wazo la kutetemesha. Mu mwaka wa 1870 Pavlov aliacha seminari na kwenda Saint Petersburg kusoma sayansi ya viumbe, na kisha uganga.

Miaka ya njaa

Mu mwaka wa 1881 alioa Serafima Karchevskaya, mwalimu. Feza ilikuwa kidogo sana, na kuko wakati walikosa hata nyumba ya kukaa pamoja. Mimba ya kwanza ya Serafima iliharibika. Kisha walipata mutoto mwanaume, lakini akakufa angali mudogo. Pavlov aliendelea na utafiti, na mu mwaka wa 1883 alimaliza kitabu chake cha doktora juu ya mishipa yenye kuongoza moyo. Kati ya 1884 na 1886 alienda kujifunza Ujerumani, kwa Carl Ludwig kule Leipzig na kwa Rudolf Heidenhain kule Breslau.

Alikuwa na miaka zaidi ya 40 wakati maisha yalianza kutulia. Mu mwaka wa 1890 alipewa kiti cha profesa ku Akademi ya Uganga ya Jeshi. Mwaka wenye ulifuata, alipewa kuongoza kazi ya fiziolojia ku Taasisi ya Uganga wa Majaribio, palepale Saint Petersburg. Pale ndo alifanya karibu kazi yake yote.

Kitu cha kwanza chenye alichunguza hakikuwa ubongo. Ilikuwa tumbo. Waganga wengi walikuwa wanapasua nyama mara moja, wanaangalia, na inakufa. Pavlov alikuwa na mikono myepesi sana ya kupasua. Alitoboa tundu ndogo na kuacha kidonda kipone, ili mbwa aendelee kuishi na maji ya tumbo ao mate yatoke inje na kupimwa kila siku, hata kwa miaka. Taasisi yake iliuzisha hata maji ya tumbo ya mbwa sawa dawa kwa wagonjwa wenye hawakukuwa wanasaga chakula muzuri. Juu ya kazi ile alipewa Zawadi ya Nobel ya uganga mu mwaka wa 1904. Alikuwa Murusi wa kwanza kupewa Nobel.

Mbwa wenye walijua mbele

Lakini kitu kimoja kilikuwa kinamusumbua. Mbwa walikuwa wanatoa mate mbele ya kupata chakula. Waliona sahani, waliona mutumishi mwenye kuwalisha, walisikia hatua zake, na mate yanaanza kutoka. Kwa mutu mwenye anataka kupima mate ya chakula peke yake, ile ilikuwa matata. Pavlov aliamua kuigeuza kuwa utafiti, na mu mwaka wa 1903 alisema juu yake mbele ya mukutano wa waganga wa mataifa kule Madrid.

Namna yake ilikuwa rahisi. Alama moja, sawa tik-tak ya metronomu, inatolewa. Kisha chakula kinafuata. Inarudiliwa mara mingi. Ku mwisho, tik-tak peke yake inatosha kutoa mate. Mwili umejifunza kama alama inatangaza kitu.

Wazee wa Lubumbashi hawahitaji mbwa ili kuelewa ile. Wakati wa Union Minière na kisha wakati wa Gécamines, sirene ilikuwa inapanga siku ya mufanyakazi. Sirene ya kutoka kazi ikilia, mwili ulijua kama chakula kiko karibu, mbele mutu afike ku mulango wa nyumba. Siku ya mposho ilikuwa na harufu yake na kelele yake, na watoto waliijua bila kalendari. Hakuna mutu aliwafundisha kwa maneno.

Alama bila chakula

Ulizo lenye lilifuata lilikuwa hili: namna gani kama alama inaendelea lakini chakula kinakatika?

Katika jaribio moja lenye Pavlov alitangaza mu masomo yake, mbwa alionyeshwa chakula kwa mbali kila dakika 3, bila kupewa. Mara ya kwanza alitoa mililita 1 ya mate. Mara ya pili 0,6. Kisha 0,3, kisha 0,1. Mara ya tano hakukuwa kitu. Jibu lilizimika.

Mutu yeyote angefikiri kama mbwa amesahau. Ile ndo wazo lenye wengi walikuwa nalo, na wengi wangali nalo leo. Lakini waliacha mbwa apumuzike masaa 2, kisha wakamuonyesha chakula tena sawa mbele. Akatoa mate, 0,15. Ilikuwa kidogo, lakini haikukuwa sifuri. Hakuna mutu alimufundisha tena katika yale masaa 2. Jibu lilirudia lenyewe.

Pavlov na watu wake waliona vitu vingine viwili. Cha kwanza, kama wakati jibu limezimika mulango unapigwa kwa nguvu ao mutu mugeni anaingia, jibu linaweza kurudia palepale, kwa muda kidogo. Cha pili, kama chakula kinaanza tena kufuata alama, mbwa anajifunza mbio sana kuliko mara ya kwanza, sawa vile njia ilikuwa tayari na majani tu yalikuwa yameifunika.

Pale Pavlov aliona kama kuzimika hakumaanishe kufutika. Fundisho la kwanza, lenye kusema alama inaleta chakula, linabakia mu ubongo. Juu yake ubongo umeweka fundisho la pili, lenye kusema sasa alama haileti kitu. Lile la pili ni kama mutu mwenye anashikilia mulango ili usifunguke. Ni kazi, na inaomba nguvu. Wakati mwili umechoka, ao wakati umepita, ao kelele moja imemugeuza kichwa, anaachilia mulango na lile la kwanza linatoka.

Mapinduzi na njaa

Mu mwaka wa 1917 serikali ya mufalme wa Urusi ilianguka na vita ya raia ikafuata. Chakula kilikosekana mu muji kwa watu na kwa mbwa pia, na mbwa wengi wa maabara walikufa. Mutoto wa Pavlov, Viktor, alikufa mu ile miaka. Mwenyewe, akiwa na miaka 70, alikuwa analima viazi na mboga ili familia ile.

Aliomba ruhusa ya kuhama inchi. Serikali mupya haikupenda kumupoteza mutu wa Nobel. Tarehe 24 Januari 1921 Lenin alitia sahihi ku amri yenye kumupatia Pavlov na bibi yake chakula cha kutosha na kumulinda maabara yake. Alibakia, lakini hakufunga kinywa. Mu mwaka wa 1924, wakati wanafunzi wenye baba zao walikuwa mapadri walianza kufukuzwa ku Akademi ya Uganga ya Jeshi, yeye mutoto wa padri aliacha kiti chake cha profesa pale. Mu miaka yenye ilifuata aliandikia wakubwa wa serikali barua kali juu ya watu wenye walikuwa wanakamatwa bila kosa. Watu wengine walipotea juu ya maneno madogo kuliko yale. Yeye, jina lake lilimulinda.

Maji ya Septemba 1924

Ule mwaka wa 1924 ndo ulileta jaribio lenye hakuna mutu alilipanga.

Tarehe 23 Septemba, upepo wa bahari ulisukuma maji ya muto Neva yarudie ndani ya muji, wenye wakati ule ulikuwa umepewa jina la Leningrad. Maji yalipanda kupita metre 3. Nyumba ya mbwa ilikuwa mbali kidogo na maabara. Watumishi waliwatoa mbwa mu maji wenye kuogelea, kundi kwa kundi, katikati ya mawimbi, miti yenye kuvunjika na kelele, hadi wakawafikisha mu nyumba kubwa na kuwasongamanisha pamoja.

Mbwa waliokoka. Lakini wakati kazi ilianza tena, wamoja hawakukuwa sawa mbele. Moja, mbwa mwenye woga tangu zamani, alikuwa amepoteza karibu yote yenye alijifunza. Alama zenye alijua muzuri hazikutoa mate. Kengele kali ya umeme, yenye mbele ilikuwa inamutolesha mate mingi kuliko alama zingine zote, sasa ilikuwa inamufunga kabisa. Wakati munganga alikaa naye ndani ya chumba, karibu naye, mbwa alikuwa anapata nafuu. Akiachwa peke yake, anafungika tena.

Ilihitaji wiki na wiki za uvumilivu. Polepole majibu yalirudia, na mbwa alionekana kuwa amepona. Pale ndo Pavlov na watu wake walijaribu kitu kimoja. Waliacha maji kidogo yapite chini ya mulango, ndani ya chumba cha mbwa. Hayakukuwa mafuriko, yalikuwa maji ya kulowesha sakafu tu. Mbwa alistuka, akaanza kuhangaika, akaangalia yale maji, na yote yenye alikuwa amepata tena ikapotea kwa mara ingine.

Kwa Pavlov, ile ilifungua mulango mupya. Alianza kujiuliza juu ya magonjwa ya roho ya watu, na mu miaka yake ya mwisho alikuwa anatembelea wagonjwa mu hospitali za akili. Mbwa wa mafuriko alimuonyesha kama woga unafuata kanuni ileile ya mate. Unaweza kulala muda murefu, mwenyewe akafikiri umekwisha, na alama ndogo yenye kufanana na siku ya hatari ikauamusha.

Tena alimuonyesha kama nyama wote hawako sawa. Mbwa wengine walipita mu mafuriko yaleyale na wakarudilia kazi bila matata. Pavlov hakusema kama yule mwenye kuvunjika alikuwa mubaya ao muzembe. Alisema tabia ya mishipa yake ni ingine, na inaomba kupumuzika na musaada mwingine.

Sanamu ya mbwa

Mu Agosti 1935 mukutano wa dunia wa wanafiziolojia ulifanyika Leningrad na Moscow, na muzee Pavlov ndo aliuongoza. Mu mwaka uleule sanamu ya mbwa ilisimamishwa mu kiwanja cha taasisi yake, ili kushukuru nyama wenye walitumiwa. Ile shukrani haifute kama mbwa wengi waliteseka na kufa juu ya maulizo yake. Leo majaribio mengi sawa yale hayangeruhusiwa.

Pavlov alikufa kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 27 Februari 1936, kule Leningrad, akiwa na miaka 86. Mu mwaka wa 1950 serikali ya Stalin iligeuza mafundisho yake kuwa sheria ya kufuatwa kwa lazima, na wanasayansi wenye walifikiri tofauti wakapoteza kazi. Mutu mwenye aliandika zile barua zote hangefurahia kuona ile.

Kile kilifika Afrika

Kazi yake ya kuzimika kwa majibu ilizaa matunda mbali na Urusi. Kule Johannesburg, munganga Joseph Wolpe alikuwa amechunga askari wenye kusumbuliwa na woga wa vita ya pili ya dunia, na dawa zenye alikuwa nazo hazikuwasaidia sana. Alisoma Pavlov, akafanya majaribio, na mu mwaka wa 1958 alitoa kitabu juu ya namna ya kumuzoesha mutu kitu cha kumuogopesha, polepole, hatua kwa hatua, wakati mwili wake umetulia. Mu kambi ya Nakivale, Uganda, kwenye wakimbizi wengi Wakongomani wanaishi leo, wakimbizi wenye walifundishwa ile kazi walisaidia wakimbizi wa Rwanda na Somalia kueleza hadisi ya maisha yao yote kwa mupangilio, na mambo ya kutisha ndani yake, hadi kumbukumbu ipunguze nguvu. Matokeo yalitangazwa mu mwaka wa 2008, na namna ileile ilitumiwa pia Goma kwa watu wenye walitoka mu makundi ya silaha.

Watafiti wa kisha Pavlov waliongeza jambo moja la maana sana: fundisho la pili, lile la usalama, linafungwa na pahali kwenye mutu alilipatia. Mutu anaweza kuzoea sauti za barabara mu komini ya Kenya, lakini akirudia kijiji kwenye mabaya yalifanyika, woga wa kwanza unamungojea pale. Juu ya ile, usalama unapaswa kujifunzwa mu pahali pengi na kurudiliwa. Mara moja haitoshe. Na mwenye anakimbia kila kitu chenye kumukumbusha hapatie ubongo wake nafasi ya kujifunza fundisho la pili.

Lakini kuko sharti moja lenye hakuna munganga anaweza kuruka. Kwa mbwa wa Pavlov, jibu lilizimika juu chakula hakikufuata kweli. Kwa mutu, woga unazimika kama hatari haifuate kweli. Kwenye masasi yangali yanalia, woga si ugonjwa, ni mulinzi. Lubumbashi yenyewe inajua ile. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga waliingia mu muji, na tarehe 14 Februari 2021 masasi yalilia tena. Watu wenye walikuwa wameanza kusahau 2013 hawakuanza na sifuri ile asubuhi.

Kwa familia yenye iko na mutu mwenye kustuka tena kisha miaka ya utulivu, kazi ya Pavlov inatoa jambo moja la kushika. Yule mutu hajarudia nyuma hadi mwanzo. Utulivu wenye alipata ungali ndani yake, sawa vile woga ungali. Unaomba wakati, pahali pa salama, mutu wa kukaa karibu naye, na kama usingizi unapotea kwa wiki nyingi, kumupeleka ku kituo cha afya mbele ya kumupeleka kwingine. Yule mbwa wa Leningrad alianza kupona siku mutu alikubali kukaa naye ndani ya chumba.